Mama Mkwe na Mlango wa Buluu

Saa nne asubuhi, mhasibu wa kampuni ya bima ameketi kwenye stuli ya mbao, macho ameyafumba, ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo. Tai ameitupia begani isimsumbue. Mikononi ameshika padi kuukuu ya kuchezea gemu, ambayo waya wake ulikatwa zamani na haijaunganishwa na kitu chochote duniani. Hata hivyo anabonyeza. Anainama kushoto, anainama kulia, kisha anaruka pamoja na stuli yake.

"Nimekufa," anasema, bila kufumbua macho.

"Umekufia wapi?" anauliza mwanamke aliyeketi mbele yake.

"Hapahapa nilipokuwa nafia siku zote. Kuna popo anakuja kwa juu."

"Popo mmoja au wengi?"

Mhasibu anafikiri kwa uzito uleule ambao, bila shaka, huutumia kwenye hesabu za watu. "Wawili," anasema. "Wa kwanza hana neno. Wa pili ndiye mshenzi."

Mwanamke huyo anaitikia kwa kichwa. Wateja humwita Dada Kaseti, na tangu mhasibu aanze kufa na kufufuka hajamtazama usoni hata mara moja. Anamtazama vidole gumba. Cha kushoto kinasukuma mbele bila kupumzika. Cha kulia kinagonga mara mbili, kinangoja, kinagonga tena.

"Haya, fumbua macho," anamwambia. "Gemu yako ina vitufe viwili tu, mtu anakwenda kulia bila kurudi nyuma, na hapo popo anapokuja, chini kuna shimo. Si ndiyo?"

Mhasibu anafumbua macho. "Lile shimo," anasema polepole. "Na mimi miaka yote hii nimemlaumu popo."

Kazi ya Dada Kaseti, mtu akielezwa harakaharaka, hudhani anataniwa. Yeye huwatafutia watu gemu za zamani walizozisahau majina. Si za jana wala juzi. Ni zile za enzi ya kaseti za plastiki, ambazo moja ikigoma unaichomoa, unaipuliza, unaichomeka tena na kuomba dua.

Watu humjia na makombo. Mmoja anakumbuka kuku. Mwingine anakumbuka wimbo, na atauimba, upende usipende. Mwingine hakumbuki kitu isipokuwa kwamba kaka yake alimpiga siku ile.

"Wakija na jina ndiyo balaa zaidi," anasema Dada Kaseti. "Majina tulijipa wenyewe. Mtaa huu wanaiita Babu Mkali, mtaa wa pili gemu ileile wanaiita Mtu wa Kofia. Nenda nalo jina hilo mtandaoni uone kama kuna wa kukuitikia."

Ndiyo sababu huanza na padi iliyokatwa waya. Anampa mteja, anamwambia afumbe macho acheze, na yeye anasoma vidole.

"Kichwa kinapenda kupamba," anasema. "Kila mwaka kinaongeza chumvi. Kidole gumba hakina nafasi hiyo. Kilichojifunza ndicho kinachokifanya. Kidole gumba hakisemi uongo."

Aliwahi kuja mzee mmoja akiapa kwamba gemu yake ilikuwa ya mashindano ya magari. Alipopewa padi, vidole vikatoa ushahidi mwingine kabisa: ruka, piga ngumi, ruka, piga ngumi. Ikaja kugundulika kuwa ni gemu ya sungura anayecheza ndondi. Mzee alilipa kimyakimya, akaomba tu habari ile isiwafikie wajukuu.

Vidole vikishasema, Dada Kaseti hugeukia kompyuta yake, ambayo feni yake inapiga kelele kama birika, na kuingia kwenye hifadhidata za mtandaoni ambako watu wa dunia nzima wameorodhesha gemu za kale. Ziko nyingi. Yeye anaziamini tatu, au tuseme anazishuku tatu kwa kiasi kinacholingana, na zote amezibatiza majina.

Ya kwanza anaiita Babu. Ni kongwe kuliko zote, ina rangi za kijivu na maandishi madogo, na inajua kampuni iliyotengeneza gemu, mwaka wake, aliyechora na aliyetunga muziki. Ila gemu ambayo haikuuzwa dukani kwa risiti, kwa Babu haijazaliwa. "Babu anajua koo za watu," anasema. "Mtoto wa nje hamtambui."

Ya pili ni Kijiwe. Huko anaandika yeyote anayejisikia kuandika, na wanaojisikia ni wengi. Humo kimo kila kitu, na nusu yake ni kweli. Shida ni kujua nusu ipi. "Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja," anasema Dada Kaseti. "Kijiwe hakingoji lije. Kinaliandika kabisa, na picha kinaweka."

Ya tatu ni Karani. Karani hana hadithi. Yeye anapima kilichomo ndani ya kaseti, anaandika ukubwa wake, basi. Ukimpelekea habari mpya anataka picha ya mbele, ya nyuma na ya ndani, na hata ukizileta anakutazama kwa jicho la pembeni. "Mwambie Karani kwamba huyu ndiye mama yangu mzazi," anasema, "atakuomba picha ya siku hiyo."

Mtu akimuuliza ipi bora, hukasirika kidogo. Akili ni nywele, anasema, kila mtu ana zake. "Babu anajua ukoo, Kijiwe kinajua umbeya, Karani anajua uzito. Ukimuuliza mmoja tu, hujatafuta. Umepumzika."

Bei yake kwa gemu moja ni sawa na sahani ya chakula cha mchana, na asipoipata halipwi kitu. Wiki nzuri huleta wateja kumi na watano. Wiki mbaya anatengeneza rimoti na pasi, ambazo, anasema, hazina mambo mengi: zimekufa au hazijafa.

Yote haya hufanyika katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe wake. Ni chumba chenye mlango wa barabarani, dirisha moja kubwa na rafu tatu zilizojaa mashine za gemu za kila umri. Kodi hajawahi kulipa, kwa kuwa yeye ni mke wa mwana pekee wa nyumba hiyo, dereva wa gari la mikate. Na mwaka huu, nusura chumba hicho kimponyoke.

Mama mkwe ni mjane aliyelea familia kwa kushona sare za shule. Mtaani anajulikana kwa mambo mawili: mishono isiyofumuka, na neno lisilorudi. Akishasema jambo amesema, hata akija kulijutia mwenyewe. Inasemekana aliwahi kutamka kwamba hatakunywa chai ya jirani fulani, na leo, jirani huyo akiwa ndiye rafiki yake mkubwa, bado huenda kwake na chupa yake mwenyewe.

Basi asubuhi moja akasema kwamba chumba cha mbele atakipangisha kwa msusi, kuanzia mwisho wa mwezi. Msusi ana wateja, ana vioo, na analipa. "Mtu mzima kutwa nzima anatafuta michezo ya watoto," alisema. "Hiyo ni kazi au ni homa?"

Dada Kaseti hakubisha. "Nyumba ni yake, na aliponikaribisha hakuniwekea masharti," anasema. "Lakini chumba hiki kikiondoka, kazi imeondoka. Nani atakuja kufumba macho jikoni kwa watu? Nililia. Nililia nyuma ya rafu, kwa sababu mbele kulikuwa na mteja."

Msusi, ambaye hana roho mbaya hata kidogo, alikuja siku ileile na futi kupima sehemu za kutundika vioo. Mteja aliyekuwa kwenye stuli, fundi bomba mwenye kilo zisizopungua mia, alikuwa anapigana na joka akiwa amefumba macho, na kwa bahati mbaya alimpiga msusi kiwiko. Msusi alipima ukuta wa upande wa pili.

Siku tatu baadaye, mama mkwe mwenyewe akaingia chumbani humo kwa mlango wa barabarani, kama mteja. Kwa kawaida hupita ndani.

"Mkwe, una kazi nyingi?"

"Karibu, Mama. Kaa."

"Sikuja kukaa. Kuna mwenzangu kwenye kikundi chetu cha akina mama. Anauliza habari za gemu fulani. Mimi nimetumwa tu."

"Gemu ipi, Mama?"

"Ya kibibi mwenye taa. Anapanda mnara. Anaokota funguo."

Dada Kaseti alimweleza kwamba ingefaa huyo mwenzake aje mwenyewe, kwa kuwa vidole vyake vinahitajika.

"Ana miguu mibovu," alisema mama mkwe.

"Basi mimi nimfuate kwake."

"Amesafiri."

Mwenye miguu mibovu, na amesafiri. Dada Kaseti aliinamisha uso akapangapanga bisibisi zake, kwa maana kuna wakati ambapo adabu ya mkwe ni kutoongeza swali.

"Vidole vyake navijua," akasema mama mkwe hatimaye. "Lete hicho kidude."

Alivua miwani, akaiweka juu ya redio mbovu, akakaa kwenye stuli aliyosema haji kuikalia. Akafumba macho. Na hapo, anasimulia Dada Kaseti, akaona jambo ambalo hakuwa ameliona katika miaka kumi na moja ya kusoma vidole vya watu.

"Wengine wanakumbuka vipande," anasema. "Mama alikumbuka yote. Kila ngazi, kila shimo. Kuna sehemu, ghorofa ya tisa, mashimo mawili yamefuatana. Pale kidole cha kulia kinakandamiza, kinahesabu moja na nusu, ndipo kinaachia. Ukiwahi umekufa, ukichelewa umekufa. Aliyavuka kama mtu anavuka kizingiti cha chumba chake. Nikajua huyu si wa kutumwa."

Alipofika ghorofa ya kumi na mbili, vidole vya mama mkwe vikasimama. "Mlango mlaaniwa we," akasema, taratibu, macho yamefumbwa.

Kisha akafumbua macho, na kwa kuwa mficha uchi hazai, akasema yote.

Mwanawe alipokuwa na miaka kumi na mitatu alikuwa na mashine ya gemu, na hesabu zake shuleni zilikuwa zinatia aibu. Mama akaificha mashine. Akamwambia kwamba imeungua, imepelekwa kwa fundi, na fundi kasema haifai tena. Mtoto alilia, akazoea. Siku moja, watoto wa watu wakiwa shuleni, mume kazini na maharage jikoni, mama akaitoa ile mashine kabatini.

"Nilitaka nione tu ni kitu gani kinachomla mtoto akili," anasema mama mkwe, ambaye alikubali kuongea na gazeti kwa sharti la kutopigwa picha akiwa na miwani. "Nikaona."

Aliona kwa miaka mitatu. Kila asubuhi kibibi alipanda na taa yake mpaka mlango wa buluu wa ghorofa ya kumi na mbili, akaingiza funguo tatu, mlango ukafunguka, akaingia, na kujikuta chini kabisa ya mnara, ghorofa ya kwanza, mikono mitupu. Alijaribu kuingia kwa kuruka. Alijaribu kuingia kinyumenyume. Alijaribu kumwacha kibibi amesimama mlangoni mpaka maharage yaive, labda mlango ungemwonea huruma.

"Nilidhani kuna kitu sikioni," anasema. "Nilidhani wenye akili zao wanakiona. Mimi shule niliishia njiani, basi nikasema ndiyo hiyo, akili yangu imefika mwisho wake hapa."

Halafu mashine ikafa kweli. Na kitu ambacho kilishatangazwa kufa hakiwezi kupelekwa kwa fundi.

"Nataka kujua tu," alimwambia mkwe wake siku ile. "Kabla sijamwingiza msusi humu. Mlango ule ulikuwa unafunguliwaje?"

Kaseti ilikuwa bado ipo, kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Lebo yake ilikuwa na picha ya askari mwenye bunduki, mtu ambaye hayumo kabisa ndani ya gemu hiyo. Kaseti nyingi za bei rahisi zilikuwa hivyo: nje harusi, ndani matanga. Jina lilikuwa la gemu nyingine. Dada Kaseti akabaki na kibibi, taa na mnara.

Alianza na Babu, akamuuliza kila aina ya mnara. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama mpaka shingo ikauma. Siku ya pili Babu akatoa jibu: gemu hiyo ipo, ina ghorofa kumi na mbili, na mchezaji akiingia mlango wa mwisho gemu imekwisha. Kijiwe nacho kikasema vivyo hivyo, neno kwa neno: ghorofa kumi na mbili, mlango, mwisho.

Mashahidi wawili, kauli moja. Dada Kaseti alikwisha kuinuka kwenda jikoni kumpa mama mkwe habari njema kwamba aliimaliza gemu siku nyingi bila kujua.

"Nikafika mlangoni nikarudi," anasema. "Nikasema hebu nitazame picha zao kwanza."

Babu alikuwa na picha moja ya ghorofa ya kumi na mbili. Kijiwe nacho kilikuwa na moja. Katika zote mbili kibibi alikuwa amesimama hatua ileile, na alama kule juu zilikuwa zilezile, hadi tarakimu ya mwisho. Watu wawili wasiojuana hawawezi kucheza wakalingana namna hiyo. Ilikuwa picha moja. Mtu aliiweka Kijiweni pamoja na maelezo yake, na Babu, kwa uzee wake wote, akanakili.

"Sikuwa na mashahidi wawili," anasema Dada Kaseti. "Nilikuwa na shahidi mmoja aliyebadilisha kofia."

Akaenda kwa Karani. Karani hakumsimulia kitu kuhusu bibi wala taa. Alimwonyesha tu kwamba kuna kaseti mbili zinazoanza sawasawa kabisa, ila moja ina uzito mara mbili ya nyingine.

Ndipo Dada Kaseti akaomba ruhusa ya kuifungua kaseti ya kwenye droo. Aliondoa misumari yake miwili ya parafujo mbele ya mama mkwe. Ndani mlikuwa na nafasi ya chipu mbili. Moja ilikuwapo. Ya pili yalikuwapo matundu yake tu, yamepangika vizuri, hayajawahi kuguswa na risasi ya kuchomea.

"Mama," alimwambia, "nusu ya pili ya mnara ilitakiwa ikae hapa. Walioitengeneza hii waliipunguza ili wauze rahisi. Walipofika katikati wakaufunga mlango urudi mwanzo. Nyuma ya mlango wako hapakuwa na kitu."

Mama mkwe alivaa miwani akayatazama yale matundu kwa muda mrefu. Alikuwa amefura kwa hasira, na wakati huohuo, anasema, alijisikia mwepesi kama aliyetuliwa mtungi kichwani.

"Kwa hiyo haikuwa mimi," alisema.

"Haikuwa wewe, Mama."

"Wezi wakubwa," akasema, na machozi yakamtoka akiwa anacheka. "Nimeunguza maharage miaka mitatu kwa ajili ya ukuta."

"Maharage yapi?" ikauliza sauti kutoka mlangoni.

Alikuwa mwanawe, dereva wa mikate, trei tupu begani, amepita nyumbani kunywa maji. Aliitazama stuli, akamtazama mama yake juu yake, kisha akaitazama kaseti juu ya meza. Trei aliiteremsha taratibu.

"Mama, hii si kaseti yangu?"

"Inafanana."

"Ina nyota hapa. Niliichora kwa msumari."

"Nyota ziko nyingi, mwanangu."

"Uliniambia fundi kasema imeungua."

"Fundi alisema hivyo kuhusu pasi," alijibu mama, bila kutikisika. "Wewe ulikuwa husikilizi vizuri."

Dereva alikaa juu ya trei. Ilimchukua muda kuziunganisha habari, kwa sababu zilikuwa za miaka mingi. "Sisi tulikula maharage yaliyoungua mpaka nikamaliza shule," alimwambia mkewe. "Baba alikuwa anasema jiko ndilo bovu. Alinunua jiko jipya."

"Na likawa zuri sana," akasema mama.

"Za mwizi arobaini, Mama."

"Na za aliyefeli hesabu ngapi?"

Dereva anasema hajamsamehe mama yake, ila anasema huku anatabasamu. Kinachomuudhi ni kingine. "Nimeomba zamu ya kucheza," anasema dereva huyo, mwenye umri wa miaka arobaini na minne. "Ameniambia nimalize kwanza kazi za shule."

Ikabaki habari ya chumba. Mama mkwe alikuwa ameshatoa neno, na neno lake halirudi. Alimwita msusi, akamkalisha, akamweleza kwamba chumba ni chake kama alivyoahidiwa, hakuna kilichobadilika, ila atakipata siku yeye mama atakapomaliza mnara mzima. Kwa sasa anaweza kutumia kibaraza cha nje, bure.

"Neno langu liko palepale," alisema. "Nimelisogeza tu likae vizuri."

Kaseti kamili ilipatikana kwa mkusanyaji mmoja wa mbali ambaye Dada Kaseti alikuwa akigombana naye Kijiweni kwa miaka mingi kuhusu rangi ya kofia ya mhusika fulani. Alikubali kubadilishana kwa mashine mbili na kauli ya maandishi kwamba kofia ilikuwa nyekundu. Dada Kaseti aliandika. Anasisitiza kwamba ilikuwa ya kahawia.

Siku kaseti ilipofika, mama mkwe alipanda mpaka ghorofa ya kumi na mbili bila kupoteza uhai hata mmoja. Aliingiza funguo. Mlango wa buluu ukafunguka, na nyuma yake palikuwa na ngazi nyingine tu, za kawaida, zinazopanda. Hakuna muziki uliopigwa. Mama alizitazama ngazi hizo, akashusha pumzi, akasema, "Haya, bibi, twende," wakaenda.

Msusi amekuwa shabiki wake namba moja, na ana sababu zake. Hukaa kibarazani akisuka, shingo ameigeuzia ndani. "Ruka hapo, Mama, bado kidogo tu," humtia moyo. Lakini siku hizi wanaongoja zamu ya stuli huja na wake zao, na wake zao wanasukwa. Wiki iliyopita msusi alikuwa na kazi mpaka akasahau kuuliza mnara umefika wapi.

Likitafutwa jina la kaseti kamili, ambalo ni jingine, Babu anasema mnara una ghorofa ishirini na nne, basi. Kijiwe kinasema baada ya hapo kibibi hugeuka na kuanza kushuka, ghorofa zote, kurudisha taa kwa mwenyewe. Karani anasema uzito unaruhusu yote mawili. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, Dada Kaseti anaomba Kijiwe kiwe kimesema kweli.

Ana mpango mwingine pia. Amempelekea Karani picha za kaseti ya nusu, ya mbele, ya nyuma na ya ndani, matundu matupu yakionekana na nyota ya msumari ikionekana. Karani amejibu kwamba picha ya nyuma ina kivuli. Ataipiga upya, na tena ikibidi.

"Yule aliyeandika Kijiweni kwamba gemu inaishia ghorofa ya kumi na mbili, naye alikuwa na kaseti ya nusu," anasema. "Alifika mlangoni akarudishwa, akaona aseme tu imekwisha. Yuko mahali fulani, sijui wapi. Nataka siku moja atafute, aone. Ajue haikuwa yeye."

Mhasibu amekwisha kuondoka na jina la gemu yake kwenye simu, na sasa stuli ni ya mama mkwe. Anavua miwani. Anacheza kwenye televisheni ndogo ya pembeni, na Dada Kaseti anakaa karibu yake akifungua rimoti ya mteja. Majuma mawili yaliyopita mama alifika ghorofa ya ishirini na mbili. Tangu hapo mambo yamemwendea vibaya. Kila siku anafia ghorofa ya tisa, kwenye yale mashimo mawili, na akifa inabidi aanze upya.

Leo anayafikia tena. Kibibi anakimbia, taa mkononi. Kidole gumba cha kulia kinakandamiza kitufe, na Dada Kaseti, kwa mazoea ya kazi, anakitazama. Kinahesabu moja. Nusu haijafika, kidole kinanyanyuka chenyewe, taratibu, bila haraka yoyote, na kibibi anatumbukia.

"Pole, Mama," anasema Dada Kaseti, akirudisha macho kwenye rimoti.

"Gemu ngumu sana hii," anasema mama mkwe, na kuanza upya kutoka chini.